Ukuta Nilioupaka Udongo Mweupe

Sekela, sasa hivi umepita hapa mlangoni. Umeinama kwenye gunia langu la mkaa, ukachagua kipande kimoja chembamba, ukakijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba kama unavyofanya siku zote kuona kama ni laini. Mimi nikaacha kuchambua mchele, nikasubiri. Halafu ukakirudisha kwenye gunia taratibu, kama mtu anayerudisha yai chini ya kuku, ukachukua sweta lako ukaenda kukaa nyuma ya jiko. Ndiyo maana nimetafuta kalamu.

Kesho saa hizi utakuwa Ileje, bwenini, kitanda cha juu au cha chini sijui. Habari za sabuni, shuka, kufuli la sanduku na nani umpe pesa zako akutunzie tumeshazimaliza, na baba yako atazirudia zote asubuhi pale stendi, utamvumilia. Amekwenda kuulizia gari. Mdogo wako yuko mgongoni, anapiga teke kila nikifika katikati ya neno, kwa hiyo mwandiko ukienda pembeni usidhani nilikuwa nalia. Na unajua niliishia darasa la tano. Nikikosea herufi, soma kwa sauti, utanisikia.

Nataka kusema juu ya ukuta. Tangu Krismasi tunauzunguka kama watu wanaomzunguka mbwa aliyelala njiani.

Kule Kamsamba nilikokulia, Krismasi haitakiwi kukuta jiko lina masizi. Mwanamke aliyeliacha jiko lake jeusi, hata awe amechinja ng'ombe, watu watakula nyama yake na kumsema wakiwa njiani kurudi. Bibi yako alikuwa anatupeleka bondeni kuchimba udongo mweupe. Tunauloweka, tunausiriba kwa viganja, halafu chini tunazungushia mkanda wa udongo mwekundu. Nilipoolewa huku Tunduma nikakuta kila kitu ni tofali la kuchoma na bati, nikamwambia baba yako, nyumba jenga unavyotaka, lakini jiko litakuwa la udongo. Nilitaka nibaki na kitu kimoja cha kusiriba.

Basi ulipochaguliwa kwenda sekondari, na shangazi yako akakuomba uende Iyula ukamsaidie palizi ya mahindi kabla ya sikukuu, nikasema hii ndiyo nafasi yangu. Mwanangu atarudi akute jiko linang'aa. Nikausiriba ukuta wote wa nyuma, toka chini mpaka kwenye bati. Nilikuwa naimba.

Michoro yako ya mkaa pale ukutani niliiona, nisikudanganye. Nilimwona chura, nikawaona nguchiro, na mkono wangu ukapita juu yao. Nilifikiri hivi: mtoto amemaliza darasa la saba, mtihani ameshafaulu, basi na kazi ya ukuta imekwisha. Shule niliyoijua mimi ilikuwa hivyo. Mwalimu anaandika ubaoni, mnanakili, anafuta, anaandika kingine. Sikujua kwamba kuna maandishi mtu anayaandika ili yakae pamoja, ya mwaka huu yatazamane na ya mwaka jana. Mimi niliona mtoto anachorachora kwa mkaa. Kumbe ulikuwa umewaandikisha viumbe wa mtaa mzima.

Ukarudi umebeba ndizi za shangazi. Ukasimama. Mimi niko nyuma yako, udongo bado umo kwenye kucha, nasubiri kusifiwa. Ukasema, "Umependeza, mama. Ukuta umependeza." Ukaenda kuvua viatu. Heri ungelia. Ungelia ningejua la kufanya, ningekufokea, halafu ningekuomba radhi, tukamaliza. Lakini ulikula chakula, ukaosha vyombo, ukanisaidia kupimia wateja. Na tangu siku ile hujagusa mkaa isipokuwa wa kuuza.

Nikwambie kitu cha zamani, ili ujue mkono ule uliosiriba ulitoka wapi.

Mimi ndege niliwajua kabla yako, ila niliwajua kama wezi. Mpunga wa Kamsamba ukianza kujaa maziwa, watoto wanapandishwa kwenye dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, na kombeo na madonge ya udongo, kuamia ndege toka jua halijatoka. Mwalimu anaita majina darasani, sisi tuko juu kule tunapiga kelele. Kila mwaka msimu huo ulinipita, mpaka mwaka mmoja nikarudi nikakuta wenzangu wanasoma kitu ambacho sikujua hata kichwa chake kiko wapi. Nikaona aibu. Nikarudi zangu kwenye dungu.

Sasa, kulikuwa na kandege kamoja kadogo, kekundu, kalikuwa kanakuja chini ya dungu langu asubuhi. Hakali mpunga. Kanaokota vitu chini tu, kananitazama, kanaokota. Nikawa nakasubiri. Siku moja nikamweleza bibi yako. Akasema, "Ndege ni ndege. Piga." Nikapiga. Sikukapata, Mungu ashukuriwe, lakini hakakurudi tena. Na mimi baada ya hapo niliwapiga ndege miaka mingi bila kuwaangalia. Bibi yako hakuwa mtu mbaya. Nyuma ya neno lake kulikuwa na njaa. Ila neno lenyewe mimi nilikuja nalo mpaka huku, limekaa mdomoni linasubiri.

Unakumbuka ulivyoanza kukaa nyuma ya jiko? Ulikuwa mdogo, sweta lile la kijani linakufika magotini. Mama Furaha akachungulia juu ya uzio akasema kwa sauti, "Mama Sekela, huyo binti analinda mpunga gani hapa Tunduma? Mmelima kwenye michongoma?" Wateja wangu wakacheka. Nikacheka nao, halafu nikaja nyuma kukushika sikio. Nikakwambia ingia ndani, mtu anayekaa gizani anahesabu popo, watu watasema anawanga. Ukanijibu hata bila kugeuka, "Mama, mchawi anatembea uchi. Mimi nimevaa sweta."

Nikakaa kwenye yale matofali yaliyobaki, nia yangu nikusubiri mpaka uchoke. Hukuchoka. Kwenye mkaratusi kukazuka kelele, na mimi bila kufikiri nikasema, "Hao ni mnana. Wanagombania nyumba." Ukageuka. Ulinitazama kama umenikuta nazungumza Kiingereza.

"Umejuaje na hujawaona?"

"Hao ni wezi wangu wa zamani," nikasema.

Tangu siku ile ukawa unaniita. "Mama, njoo." Kwa sauti ya chini, ya kufukuza kila mtu isipokuwa mimi. Na mimi mara nyingi nilijibu, subiri, nampimia mtu. Nikimaliza kupima nikija, kitu kimeshakwenda, na wewe umeshakichora ukutani unafuta mikono kwenye gauni. Ningekuja nusu ya mara ulizoniita, ningekuwa nimeona mengi. Mteja wa mkaa hakimbii, Sekela. Nimechelewa kulijua hilo. Mtu mwenye sufuria la maharage nyumbani atakusubiri tu, aende wapi.

Usiku wa komba nilikuja, angalau. Kitu kikalia kwenye mparachichi wa Mama Furaha kama mtoto mchanga aliyetupwa. Nikatoka mbio na mwiko, Mama Furaha naye katoka kwake na ufagio, tunaulizana juu ya uzio mtoto ni wa nani. Wewe ukapita katikati yetu na tochi, ukamulika juu. Macho mawili, makubwa, mekundu, kama vifungo vya koti. "Komba," ukasema. Mama Furaha alimtazama muda mrefu. "Kumbe ndiye huyu," akasema, "wanayemfananisha na mume wangu akitoka kilabuni. Mbona huyu ana heshima zake." Na Baba Furaha akajibu kutoka dirishani, "Nimesikia."

Baadaye komba yule akaanza kuja na mtoto kamshikilia tumboni. Ukasema tochi inawaumiza macho, tuache. Ndipo nikajifunza kukaa kwenye giza na kungoja giza lenyewe lifunguke kidogo kidogo, mpaka uone tawi, halafu uone tawi lina mkia. Sikujua mtu anaweza kufurahi hivyo bila kufanya chochote.

Mwaka mpya watu wakalipua fataki na kugonga masufuria, na hatujawasikia tena. Najua kwa nini unakaa huko nyuma kila jioni. Unataka kuwaaga.

Ngoja nikupe kilichobaki kichwani mwangu, maana ukutani nimekifunika mwenyewe.

Chini kabisa karibu na mlango, ulipokuwa mfupi, alikuwepo chura wa mvua ya kwanza. Amekaa ndani ya beseni nililotegea kumbikumbi, tumbo limejaa kitoweo chetu. Pembeni yake uliweka vidoti vya kumbikumbi waliobaki, vichache, kwa uchungu. Juu yake kinyonga aliyevuka kamba ya nguo asubuhi nzima. Ulikuwa unamwekea alama kila ukimaliza kazi moja. Umeosha vyombo, yuko kwenye kanga yangu. Umefagia uwanja, ndiyo kwanza anaingia kwenye shati la baba. Halafu nguchiro wa kwenye pagala, ile nyumba ya jirani isiyoezekwa, mama mbele, watoto nyuma, wamebanana mpaka kwenye mchoro wako walikuwa kama nyoka mmoja mwenye miguu mingi. Mwaka uliofuata ukawachora tena kwenye mstari ule ule, wamepungua, maana pagala lilishapauliwa na wenyewe wakahamia. Hukuandika kitu chini yake. Mtu akiona mistari miwili alikuwa anaelewa.

Walikuwepo kunguru wenye shingo nyeupe juu ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, kila kunguru na lori lake, kama wenye mali. Walikuwepo korongo waliopita wakati wa viwavi. Na kale kandege keusi na keupe kanakotikisa mkia kwenye maji ya kufulia, ambako tulikosa jina lake mimi na wewe na Mama Furaha, ukakaandika Mtikisaji.

Unaona, nilikuwa naangalia. Si kama wewe, lakini nikipita na ndoo nilikuwa nasimama kidogo. Mengine nimesahau, na hayo yananiuma. Haya niliyoyakumbuka ni yako, yabebe.

Kuna siku uliniuliza, "Mama, mkaa huu ulikuwa mti wa nani?" Nikakutajia yule mzee anayetuletea magunia. Ukasema hapana, nani alikuwa anakaa juu yake. Nikasema niletee chujio, tukaacha hapo. Mpaka leo sina jibu. Mkaa huu ndio uliokushonea sare, na huenda ulikuwa nyumba ya komba wengine ambao hakuna aliyewachora. Siwezi kuuacha kesho, na sitaki kujifanya sikulisikia swali lako. Nenda nalo shule. Huenda huko yupo anayejua miti ipi inarudi haraka na ipi hairudi, uje unifundishe, nitamwambia yule mzee. Ananisikiliza, namlipa vizuri.

Juzi ulipokwenda kwa fundi kuchukua sketi, nilichukua kipande cha mkaa nikajaribu kumrudisha korongo. Uliporudi ukasimama pale muda.

"Hilo birika ni la nani?"

"Ni korongo."

"Haya."

Lakini nilikuona mdomo. Ulikuwa unajizuia. Nilifurahi siku nzima, nikampa mteja mmoja mkaa wa kopo zima na nyongeza ya bure.

Birika langu bado liko pale peke yake kwenye weupe wote ule, na wewe huweki kitu pembeni yake. Nimejiuliza sana kwa nini. Nadhani unaogopa nitausiriba tena Krismasi ijayo. Na mimi nikiwa wewe ningeogopa. Basi sikiliza. Krismasi nitasiriba upande wa mbele, wanakokaa wageni. Upande wa nyuma sikukuu iukute ulivyo, na masizi yake na kunguru wake. Wakinisema, watakuwa wananisema wakiwa wameshiba.

Na mimi nitakuwa nachora. Vibaya, lakini kila nikiona. Mtikisaji akirudi nitaweka mkia tu, utaelewa. Nikiona komba nitachora birika lenye macho. Ukija likizo utasahihisha, kama mwalimu, ila usinifutie. Acha langu, chora lako pembeni.

Huko Ileje sijawahi kufika. Wanasema ni milima na mito na baridi ya asubuhi. Utakuta vitu ambavyo mimi na wewe hatuna majina yake. Waulize watoto wa huko, kwa Kindali chao wanayo majina ya kila kinachoruka. Uliza hata wakicheka. Mimi watu wanadhani njaa ndiyo iliyonitoa shule, lakini ukweli njaa ilinichelewesha tu. Aibu ndiyo iliyonitoa. Siku ile niliporudi darasani ningenyoosha mkono nikasema sijaelewa, mwalimu angenirudishia, hakuwa mkali. Nilikaa kimya nikaonekana najua, nikaondoka hivyo hivyo na ujinga wangu umefungwa vizuri. Wewe usinirithi hilo. Rithi sikio langu, na hili tofali la kukalia.

Na mtu akikwambia ndege ni ndege, usigombane naye. Huenda nyuma ya neno lake kuna kitu, kama kwa bibi yako. Msogezee nafasi tu, akae. Mimi hivyo ndivyo ulivyonipata.

Mwanga unaisha, jua limeingia nyuma ya malori na sasa naandika kwa kukisia. Mdogo wako amelala, mate yake yamelowanisha mgongo wote. Nilikuwa nimeweka neno moja la mwisho, nimelitafuta tangu nilipoanza kuchambua mchele, kwamba siku ile ya ukuta, ningeweza kurudi nyuma, nisingekuwa

Unaniita.

"Mama, njoo." Sauti ile ile ya chini. Hujaniita hivyo tangu kabla ya Krismasi. Kuna mteja mlangoni na kopo lake, nimemwambia safari hii asubiri yeye. Unasema nivue ndala, nisiwashe tochi, nimshike mtoto mdomo akiamka, na nikipita kwenye gunia la mkaa nikuchukulie kipande